Kiti Kimepandishwa

Jumatatu, 2 Machi

Mwendesha mashtaka ameniambia niandike ninayoyakumbuka kuhusu mke wangu na asubuhi ile, yasije yakanipotea kabla sijaitwa kutoa ushahidi. Ni mwanamke mpole, ana mafaili mengi kuliko mikono. "Andika tu, baba," alisema, "hata kama ni kidogo."

Nimekaa mezani tangu jioni. Ninayoyakumbuka siyo anayoyataka. Nakumbuka alivyokuwa akikunja shuka, pembe nne zikutane, halafu analipiga kofi moja dogo kama mtu anayemuaga mtoto wa shule. Alikuwa dobi wa hospitali. Mikono yake ilinukia sabuni na pasi hata siku ya mapumziko.

Mahakamani hayo hayana kazi.

Jumanne, 3 Machi

Mawingu. Nimemaliza ukuta wa duka la dawa, nimeupaka mara mbili rangi ya maziwa. Imekauka vizuri.

Alhamisi, 5 Machi

Kesi imeahirishwa. Hakimu yuko kwenye semina.

Tulipofika nyumbani Mama alivua viatu kwanza. Mama ni mama mkwe wangu. Alikuja msibani mwaka jana na mkoba mmoja, na hajaondoka. Hakuna aliyemwambia abaki, hakuna aliyemwambia aondoke. Siku moja tu niliona nguo zake kwenye kamba pamoja na zangu.

"Semina ya nini?" akauliza.

"Sijui, Mama."

"Basi na wamfundishe kusoma kalenda."

Jumatatu, 9 Machi

Leo nijaribu kuandika kile kinachotakiwa.

Mwaka jana, wakati wa mvua kama hizi zinazokuja, mke wangu alitoka nyumbani alfajiri kwenda kazini kwa baiskeli yake, kama siku zote. Mbele ya ghala la mbao gari la mikate lilimgonga kwa nyuma. Alikufa kabla ya kufikishwa hospitali, na hospitali yenyewe ilikuwa hiyo hiyo yake. Alifunikwa shuka ambalo huenda alilikunja mwenyewe. Nilipofika nililiangalia shuka kwanza. Pembe zilikuwa sawa.

Dereva ameshtakiwa kuendesha bila uangalifu na kusababisha kifo. Amekana. Anasema mke wangu alikuwa pembeni, akachomoka ghafla na kujikatiza mbele ya gari. Wakili wake ameleta picha za mahali pale. Pembeni pakavu, lami safi, nafasi tele. Anauliza, mtu mwenye nafasi yote ile alifuata nini katikati? Anasema baiskeli mahali pake ni pembeni, anasema kama mtu anayesema kijiko mahali pake ni kabatini.

Mwendesha mashtaka ameniambia sheria haisemi hivyo. Baiskeli ni chombo cha barabara kama vyombo vingine, anayeiendesha ana haki yake ya njia, na anayetoka nyuma ndiye mwenye wajibu wa kumwachia nafasi. "Lakini wao wana picha," alisema, "na sisi hatuna."

Sitaki dereva afungwe, wala sitaki asifungwe. Hilo silifikirii. Ninachotaka ni kwamba isiandikwe kuwa mke wangu alijikatiza. Mimi ni fundi rangi, najua ukuta wowote mbaya unaweza kupakwa juu. Hukumu ikishaandikwa haipakwi juu.

Ijumaa, 13 Machi

Shemeji alipita kumsalimu mama yake. Nilimwitikia kwa kichwa, nikatoka nje kuosha brashi zilizokuwa safi.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Ana kibanda cha kuchomelea mageti na madirisha. Siku ile ya ajali askari walipima barabara, wakachora mchoro wao, wakatuachia baiskeli. Gurudumu la nyuma lilikuwa limekunjika kama sahani iliyokanyagwa, na kile kioo chekundu cha nyuma, kinachong'aa kikimulikwa na taa za gari, kilikuwa kimevunjika vipande. Sisi tukiwa msibani, Shemeji aliichukua. Akanyoosha gurudumu, akabadilisha spoki, akaweka kioo kipya, akatia mafuta mnyororo, akaisugua mpaka ikang'aa. Akairudisha siku tunamaliza matanga, akaiegemeza ukutani, akasimama pembeni yake kama mtu aliyeleta zawadi.

Wiki iliyofuata askari wakaja kuichukua iwe kielelezo.

Sasa wakili wa dereva anasema, gari gani liligonga baiskeli kwa nyuma na baiskeli isiwe na hata mkwaruzo? Na kioo hiki kipya kimewekwa kwa nini, kama si kwa sababu siku ile hakikuwepo?

Tangu nisikie hayo, Shemeji ninamwitikia kwa kichwa.

Jumapili, 15 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya vumbi lililolowa ilijaa chumbani. Alikuwa anapenda kufungua dirisha kwa ajili ya harufu hiyo, mimi ninalifunga kwa ajili ya godoro. Leo nimelifungua. Godoro limelowa.

Alhamisi, 19 Machi

Leo nimetoa ushahidi.

Baiskeli waliiingiza wakiisukuma katikati ya benchi za watu, ina karatasi imefungwa kwenye usukani. Sijaiona tangu ichukuliwe. Nilidhani nitaangalia gurudumu, au kile kioo. Niliangalia kiti tu.

"Unaitambua baiskeli hii?" akauliza mwendesha mashtaka.

"Naitambua. Ni ya mke wangu. Ila kiti kimepandishwa."

Watu wakacheka. Karani naye akacheka, akajifanya anakohoa. Hakimu hakucheka. Ni mwanamke wa makamo, anavaa miwani yenye kamba. Alisimamisha kalamu.

"Kimepandishwa vipi, shahidi?"

"Mke wangu alikuwa mfupi, Mheshimiwa. Kiti chake kilikuwa chini kabisa. Hiki ni cha mtu mrefu."

Wakili wa dereva akainuka na kusema urefu wa kiti hauhusiani na kesi. Hakimu akakubali, tukaendelea. Nikasema siku zote alikuwa akitoka saa ngapi, akivaa nini kwenda kazini, baiskeli ilikuwa na kioo cha nyuma au haikuwa nacho. Nikasema kilikuwepo. Wakili akauliza kama asubuhi ile nilikiona kwa macho yangu. Nikasema asubuhi ile nilikuwa nimelala. Akasema ahsante, akaketi, kama mtu aliyeshiba.

Nilipokuwa nikishuka kizimbani nilipita karibu na baiskeli. Sikuigusa, sikujua kama inaruhusiwa.

Ijumaa, 20 Machi

Ninakifikiria kiti. Nguo zake zimekwisha gawanywa. Viatu alichukua mama mdogo wake. Kile kiti ndicho kilichokuwa kimebaki na kipimo chake, urefu wa miguu yake kuanzia nyonga mpaka pedeli. Mtu huko kituoni kakipandisha, labda aende dukani.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kutwa. Nitaandika jambo moja tu.

Mimi sijui kuendesha baiskeli. Nilipokuwa mdogo hatukuwa nayo, na nilipokuwa mkubwa niliona haya kujifunza. Kwa hiyo yeye ndiye alikuwa ananipakia nyuma kwenye keria, mwanamume mzima na ndoo za rangi, na yeye mdogo vile anakanyaga. Mtaani walikuwa wanashangilia. "Bibi harusi kaoa!" "Mama, huo mzigo umeununua bei gani?" Naye anawajibu, "Nimepewa bure, ndiyo maana siwezi kuurudisha!"

Nikimshika kiuno anatekenyeka, anacheka, baiskeli inayumba. Kwa hiyo nilizoea kushika springi za chini ya kiti. Zilikuwa zinaniminya vidole kila tukipita kwenye shimo. Nilikuwa nanung'unika.

Alhamisi, 26 Machi

Leo ilikuwa zamu ya Shemeji. Alivaa shati la mikono mirefu kuficha alama za moto wa kuchomelea.

Wakili wa dereva alimzunguka taratibu. Ni wewe uliyenyoosha gurudumu? Ni mimi. Ni wewe uliyeweka kioo? Ni mimi. Cha zamani kiko wapi? Nilikitupa, vilikuwa vipande. Ulijua kuna kesi? Sikujua. Nani alikutuma? Hakuna.

"Basi ieleze mahakama," wakili akasema, "mtu amefiwa na dada yake, watu wanalia, yeye anakwenda kutengeneza baiskeli. Kwa nini?"

Shemeji akavuta mikono ya shati mpaka kwenye vidole.

"Mama alikuwa anapita pale ilipokuwa imeegemezwa," akasema. "Kila akienda chooni anaiona imekunjika. Na mimi kazi ninayoijua ni hiyo, ya kunyoosha."

Mama alikuwa amekaa kando yangu. Alitoa leso, hakujifuta, akaishika tu mkononi.

Tulipotoka nje nilitaka kumwita Shemeji. Alikuwa amekwisha kwenda, anatembea upesi kwenye mvua bila mwavuli. Nimekuwa nikidhani alifanya vile bila kufikiri. Alifikiri. Alimfikiria mama yake, jambo ambalo mimi siku ile sikulifanya.

Jumatatu, 30 Machi

Mvua. Kuta hazikauki, kwa hiyo hakuna kazi. Nimekaa na Mama tukichambua mchele. Amesema mke wangu alipokuwa mtoto alikuwa akila punje mbichi. Sikulijua hilo. Miaka yote ile, na bado kuna kitu kumhusu sikukijua. Nimefurahi siku nzima, halafu jioni nikahuzunika.

Alhamisi, 2 Aprili

Imeahirishwa. Hakimu ana homa.

Alhamisi, 9 Aprili

Imeahirishwa. Wakili wa dereva ana kesi nyingine mahakama ya juu.

"Ya juu," Mama akasema. "Akianguka huko ataumia."

Jumamosi, 11 Aprili

Mvua.

Jumanne, 14 Aprili

Asubuhi, kabla hatujapika chai, mlango umegongwa. Shemeji, amelowa mpaka mifuko, anatweta.

"Shemeji, vaa viatu. Twende ukaone."

"Nikaone nini?"

"Twende tu. Wakipungua hutaona tena."

Ni mara ya kwanza nazungumza naye tangu kesi ianze, na ilikuwa ni hayo maneno mawili. Nikavaa viatu. Mama akatuangalia tukitoka pamoja, akarudi ndani haraka, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala.

Alinipeleka mpaka kwenye ghala la mbao. Mimi njia hiyo nimeikwepa mwaka mzima. Tukasimama chini ya bati la geti.

"Tazama pembeni," akasema.

Pembeni hapakuwepo. Mtaro wa ghala umeziba kwa maranda na vumbi la mbao, maji yamefurika juu ya lami, dimbwi refu la rangi ya chai, na chini yake huoni kama ni lami au ni shimo. Ile nafasi yote iliyo kwenye picha za wakili ilikuwa imelala chini ya maji. Picha walipiga kiangazi.

"Sasa tazama baiskeli."

Zilikuwa zinakuja, watu wa zamu ya asubuhi, wauza maziwa, wanafunzi. Hakuna hata mmoja aliyefika kwenye dimbwi ndipo akapinda. Wote walikuwa wanaanza kusogea katikati kutoka mbali, kule kwenye nguzo ya umeme, pole pole, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanafuata uzi uliotandikwa. Wanapita, halafu wanarudi pembeni. Hata asiye na macho mazuri angewaona kutoka mbali.

"Hakuchomoka," Shemeji akasema. "Hapa hakuna anayechomoka. Ni njia."

Nikamuuliza alijuaje. Akaangalia viatu vyake.

"Tangu mvua zianze huwa nakuja. Asubuhi asubuhi. Nasimama tu."

Kwa hiyo wakati mimi naikwepa barabara hii, yeye alikuwa anakuja kusimama. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikasema, "Utapata homa." Akacheka, akafuta uso kwa kiganja. Tukaenda moja kwa moja kwa mwendesha mashtaka na matope yetu.

Alhamisi, 16 Aprili

Mwendesha mashtaka ameomba mahakama itembelee eneo la tukio. Wakili wa dereva amepinga. Hakimu amekubali. Tutakwenda Alhamisi ijayo, alfajiri.

Mama amehesabu kwa vidole zile semina na homa zote. "Wangekuwa watu wa haraka," akasema, "tungemaliza kiangazi na tungeshindwa. Kumbe walikuwa wanatungojea mvua, na wao hawajui."

Jumatatu, 20 Aprili

Jua. Jua kali kabisa.

Jumanne, 21 Aprili

Jua. Jirani anataka nimpakie sebule, nimemwambia sina nafasi. Nimekwenda kuangalia dimbwi. Limeanza kunywea.

Jumatano, 22 Aprili

Jua mpaka mchana. Nilikuwa nasimama mlangoni, naingia, nasimama tena.

"Fundi rangi anaomba mvua," Mama akasema. "Dunia imefika mwisho."

"Mama, na wewe omba."

"Mimi nimeanza Jumatatu."

Saa kumi alasiri mbingu zilifunguka. Mama alipiga vigelegele jikoni peke yake, akanyamaza ghafla. Nadhani alikumbuka tunaomba mvua kwa ajili ya nini. Na mimi nilikumbuka.

Alhamisi, 23 Aprili

Niandike polepole.

Tulifika kukiwa ndiyo kwanza panapambazuka. Mvua ilikuwa imekatika, dimbwi limejaa. Hakimu alikuja na viatu vya mpira vya bustani, karani kamshikia faili ndani ya mfuko wa nailoni. Wakili wa dereva alikuwa na viatu vyeusi vya kung'aa. Dereva alikuja peke yake kwa miguu.

Mahakamani nilikuwa namwona mgongo tu. Mwaka mzima nimekuwa na mtu mkubwa kichwani mwangu, mwenye shingo nene. Huyu ni kijana mwembamba, sweta limechakaa mikononi, ameivuta mikono yake ndani kwa baridi. Alitukuta chini ya bati. Hapakuwa na mahali pengine pa kusimama.

"Shikamoo," akasema, macho chini.

"Marahaba," nikasema. Ilitoka yenyewe. Nikasogea kidogo, maana matone yalikuwa yanamwangukia begani.

Baiskeli zikaanza kuja. Hakimu alisimama karibu na nguzo ya umeme. Akawatazama wanavyosogea, mmoja nyuma ya mwingine, wakiliacha dimbwi mbali. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipita akasema, "Habari zenu za asubuhi," akijiuliza watu hawa wamepoteza nini. Wakili akasema mashahidi wanaweza kuwa wamewapanga watu hawa. Wakati anasema akarudi nyuma hatua moja, kiatu chake kikazama. Hakuna aliyecheka. Shemeji aligeuka kutazama mbao.

Kisha hakimu akamwita dereva.

"Gari la mikate ulikuwa unapita nalo njia hii?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mara ngapi?"

"Kila asubuhi, Mheshimiwa."

"Na wakati wa mvua, hawa watu wa baiskeli ulikuwa unawaona wapi?"

Wakili alinyoosha mkono kumzuia. Dereva alikuwa amekwisha kuangalia barabarani, na pale pale walikuwa wanapita wengine. Alitazama mpaka wakaisha.

"Hapo hapo," akasema. "Huwa wapo, Mheshimiwa. Siku zote huwa wapo. Siku ile nilikuwa nimechelewa."

Karani aliandika. Nilisikia kalamu.

Nilitarajia moyo wangu utapiga kelele. Ulikaa kimya. Nilikuwa naitazama barabara tu, kwa sababu baiskeli ziliendelea kuja, na kila iliyochomoza kwa mbali kwenye ule mwanga hafifu, nilikuwa nangoja iwe yake. Najua ni upuuzi. Nilikuwa nangoja kila moja.

Jumapili, 3 Mei

Mvua za mwisho mwisho. Shemeji amekula nasi mchana. Amerekebisha bawaba ya mlango bila kuulizwa. Nimemwacha.

Alhamisi, 14 Mei

Hukumu.

Hakimu alisoma kwa muda mrefu. Kuhusu kioo cha nyuma, alisema mahakama haiwezi kujua kama kilikuwepo, kwa kuwa baiskeli ilitengenezwa kabla ya kukaguliwa, na pengo hilo litabaki pengo. Shemeji akainamisha kichwa. Mama akamshika shingoni kwa nyuma, kama alivyokuwa akimshika utotoni, nadhani, na hakumwachia.

Kisha akasoma kwamba kulikuwa kumeshaanza kupambazuka. Kwamba mshtakiwa aliijua njia na aliwajua wanaoitumia. Kwamba marehemu hakujikatiza. Akavua miwani, akasoma maneno yanayofuata bila kuitazama karatasi: "Marehemu alikuwa na haki ya kuwa pale alipokuwa."

Dereva ana hatia. Adhabu itasomwa wiki ijayo. Sitakwenda.

Nimeyarudia maneno yale njia nzima. Alikuwa na haki ya kuwa pale alipokuwa. Mimi bado ninataka awe hapa.

Ijumaa, 29 Mei

Leo tumeichukua baiskeli kituoni, mimi na Shemeji. Askari aliyeitoa ni mrefu kama mlingoti.

"Baiskeli nzuri hii, mzee," akasema. "Inakwenda yenyewe."

"Mlikuwa mnaipanda?"

"Aa, kidogo tu. Kufuata sigara."

Sikugombana naye. Nilichuchumaa. Kwenye lile bomba linaloshika kiti, juu kabisa, kuna mstari mweusi wa mafuta na vumbi ulioganda, mahali kiti kilipokaa miaka yote. Shemeji alikuwa na spana mfukoni, kumbe aliibeba kwa ajili hiyo. Alilegeza, mimi nikakandamiza kiti kwa viganja vyote viwili mpaka mstari ukafika pake. Akakaza.

"Sasa tuisukume," nikasema.

"Tuisukume mpaka nyumbani? Panda nyuma, Shemeji."

"Basi usikipandishe."

"Nikiendesha hivi magoti yatanipiga kidevu."

"Na yakupige."

Alipanda. Alikuwa kama panzi juu ya kiberiti, magoti nje huku na huku, anatukana chini chini, watoto wa mtaani wanatukimbilia na kushangilia. Mimi nilikuwa nyuma kwenye keria, miguu inaning'inia.

Kwenye ghala la mbao dimbwi limebaki kidogo, lakini halijaisha. Toka kwenye nguzo ya umeme Shemeji akaanza kusogea katikati, taratibu. Nikasikia mngurumo nyuma yetu.

"Kuna gari," nikasema.

"Nimelisikia. Litangoja."

Likangoja. Sikugeuka kuliangalia. Nilikuwa nimeshika springi za chini ya kiti, na tulipopita kwenye shimo zikaniminya vidole, pale pale zilipokuwa zinaniminya. Sikunung'unika.